Hesabu ya Siku ya Themanini na Nne

Nilianza shahada ya uzamivu nikiwa na utumbo mzima. Nasema hivyo mapema kwa sababu wapo wanaodhani niliingia chuoni nikiwa mgonjwa, nikitafuta kuhurumiwa. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakula chochote kilicho mbele yangu, nakaa maabara saa saba mfululizo, na chooni nilikuwa nakwenda kama watu wengine wote, bila kukifikiria choo. Ugonjwa ulinikuta mwaka wa pili, katikati ya sura ya tatu.

Kwanza lilikuwa tumbo la kunyonga tu. Nikasema ni chakula. Halafu ikaja damu. Nilikaa nayo miezi miwili nikijitia hamnazo, mpaka mume wangu akanikuta asubuhi moja nimekaa sakafuni mlangoni mwa choo, nimeegemea ukuta, sina nguvu ya kunyanyuka. Yeye ni fundi wa kuchomelea na hana tabia ya kuzungusha maneno.

"Ama uende hospitali kwa miguu yako," alisema, "ama nikubebe begani majirani waone."

Nikaenda kwa miguu yangu.

Daktari wa matumbo, mwanamke mpole anayeongea kama vile kuna mtu amelala chumba cha pili, aliniambia nina vidonda kwenye utumbo mpana. Si vya kuambukizwa, wala havikutokana na kitu nilichokula. Mwili wangu mwenyewe umeugeukia utumbo na kuushambulia, na hakuna anayejua sababu hasa.

"Vitapona lini?"

"Vitatulia. Kuna wakati vitatulia, kuna wakati vitaamka. Tutakuwa tunavituliza."

Nikamwuliza kama nitaweza kumaliza tasnifu. Akauliza inahusu nini. Nikamwambia fukusi. Akanitazama kidogo, kisha akarudi kuandika dawa.

Basi ndivyo ilivyo, nilikuwa nasomea fukusi, yule mdudu mdogo mwenye pua ndefu anayetoboa mahindi ghalani mpaka gunia zima linabaki unga na makapi. Swali langu lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulijibu: ni majani gani makavu, yakisagwa na kuchanganywa na mahindi, yanawazuia wasizaliane? Nilikuwa na chupa arobaini na nane za mdomo mpana, zenye mahindi na fukusi, zimepangwa rafuni kwa namba. Nyingine nilizitia unga wa majani, nyingine majivu, na nyingine hazina kitu. Kila baada ya siku kumi na nne ilinibidi kuchekecha chupa zote na kuhesabu fukusi hai na waliokufa, mmoja mmoja, kwa kibano. Kazi ilianza saa moja asubuhi na kwisha jioni, na lazima iwe siku ileile. Fukusi hawana likizo ya ugonjwa.

Sasa fikiria kazi ya namna hiyo kwa mtu anayekimbilia chooni mara kumi na tano kwa siku.

Maabara yetu ilikuwa chini kabisa ya jengo la zamani. Choo cha wanafunzi kilikuwa mwisho wa ukumbi, na bomba lake lilikuwa limekatika tangu kabla sijafika. Choo cha wafanyakazi kilikuwa juu tu ya ngazi, kisafi, kina maji, na kimefungwa. Kilichobaki ni cha maktaba, jengo la pili, hatua mia mbili na sita kutoka kwenye stuli yangu. Nilizihesabu. Mtu mwenye ugonjwa kama wangu huujua mji mzima kwa vyoo vyake. Mwingine akikuelekeza njia atakutajia duka na kona, mimi nitakutajia mlango upi unafunguka na upi una mlinzi mkali.

Ufunguo wa choo cha wafanyakazi alikuwa nao katibu muhtasi wa idara, ambaye sisi wanafunzi tulimpachika jina la Bi Funguo. Aliufunga kwenye kipande cha ubao kirefu kama mkono wa mtoto ili mtu asiusahau mfukoni. Siku ya kwanza aliniazima bila neno. Siku ya pili alinitazama. Siku ya tatu, safari yangu ya nne asubuhi hiyo, akasema neno ambalo nimekuja kulichukia kuliko matusi yote.

"Tena?"

"Tena, Bi Mkubwa. Samahani."

"Mwanangu, hiki ni cha wafanyakazi. Leo nikikupa wewe, kesho darasa zima liko hapa limepanga foleni. Lete barua."

Nikaleta barua ya daktari. Mkuu wa idara akasema inatakiwa muhuri wa hospitali. Nikarudi hospitali, nikakaa kwenye benchi asubuhi nzima, nikapata muhuri. Mkuu wa idara akasema sasa ipelekwe kwa mlezi wa wanafunzi. Mlezi wa wanafunzi akasema mambo ya majengo si yake. Ofisi ya majengo ikaipokea, ikaitia kwenye trei, na baada ya wiki tano nikajibiwa kwa karatasi yenye nembo ya chuo kwamba ombi langu limepokelewa na linafanyiwa kazi. Linafanyiwa kazi mpaka leo, nadhani.

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mume wangu na mama yake. Mama Mkwe alikuwa fundi cherehani miaka arobaini, na alipostaafu alihamia kwetu na kopo lake la vifungo na maoni yake juu ya kila kitu. Kuhusu ugonjwa wangu alikuwa na maoni ya aina moja tu, na hakuyabadilisha.

"Ni kusoma wakati wa kula. Macho yanavuta damu juu, tumbo linabaki halina damu. Linajitafuna."

"Mama, daktari amesema hakuna anayejua sababu."

"Ndiyo. Yeye hajui. Mimi nimekwambia."

Nilikuwa nikimeza hasira pamoja na vidonge. Hata hivyo, ukweli usemwe, ni yeye aliyekuwa akifua mashuka siku ambazo sikuwahi kufika chooni. Aliyafua mapema kabla mwanawe hajaamka, akayaanika, na hakusema kitu. Kwa hilo hakuwa na maoni.

Majaribio yangu yalikwenda vizuri kuliko mimi. Siku ya kumi na nne, ya ishirini na nane, ya arobaini na mbili, zote nilihesabu mwenyewe, nikikatiza mara kwa mara kukimbia zile hatua mia mbili na sita na kurudi. Kufika siku ya sabini nilikuwa nimepungua mpaka pete ya ndoa nikaihamishia kidole cha kati. Jumapili moja damu ikaja kwa wingi. Jumatatu nikalazwa, nikatundikiwa dripu. Na Jumanne ilikuwa siku ya themanini na nne.

Huenda kwa mtu mwingine ni namba tu. Kwangu mimi ndiyo ilikuwa siku ya siku. Kwenye chupa za majani, tofauti ilikuwa inatarajiwa kuonekana pale, kizazi kipya kinapotoka kwenye punje kwa wingi. Nilimpigia simu msimamizi wangu nikiwa kitandani.

"Pole sana," alisema. Nilisikia watu wakicheka nyuma yake. "Basi hesabu ukitoka."

"Wamesema si chini ya wiki moja."

"Basi acha pengo."

"Profesa, siku ya themanini na nne? Nikiacha pengo hapo, sura ya tano inabaki na nini?"

"Kwani kuna mtu mwingine wa kuhesabu?"

"Ndicho ninachokuuliza wewe."

Akasema atafikiria, na kwamba yuko mkutanoni. Nikakata simu, nikageukia ukutani, nikalia kwa hasira. Kwa maumivu nilikuwa nimeshazoea kutolia.

Mama Mkwe alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, chupa ya uji mapajani. Alinisubiri nimalize.

"Ni wadudu gani hao wanaokuliza kuliko ugonjwa?"

Nikamweleza. Chupa arobaini na nane, kuchekecha, kibano, hai huku, waliokufa kule, andika.

"Basi?"

"Basi nini, Mama?"

"Kazi yenyewe ndiyo hiyo? Kuhesabu? Mimi nimehesabu vifungo miaka arobaini, wewe."

"Vifungo havitembei."

"Watoto niliokuwa nawapima nguo walitembea. Hata hao sijawahi kukosea kipimo."

Nilicheka nisivyotaka. Halafu nikaacha kucheka, maana nilimwona hafanyi mzaha. Nikampigia fundi wa maabara, mtu mmoja wa makamo asiyependa makuu, nikamweleza. Akasema, "Mlete. Nitakaa naye mwanzo mpaka mwisho. Lakini sitasaini chochote."

Kesho yake Mama Mkwe aliingia maabara saa moja kasoro, kavaa miwani yake ya kusomea iliyofungwa kwa uzi wa mpira kisogoni. Alitoka saa kumi na mbili jioni. Akaja moja kwa moja wodini, kanga imejaa vumbi la mahindi, akanikabidhi bahasha kama mtu anayekabidhi suti kwa mwenyewe.

"Chupa ya kumi na tisa wamejaa kama vifungo kwenye kopo langu. Ile ya thelathini na moja nimeihesabu mara mbili, sikuiamini."

Nikazitoa fomu za hesabu. Mstari mmoja kwa kila chupa, tarakimu kubwa zilizosimama wima kama za vipimo vya nguo, hai na waliokufa, jumla chini. Pembeni ya chupa ya nane aliandika kwa kalamu ya risasi: *mmoja alikimbia, nikamshika*. Mimi mwenyewe, kwa miaka yote ya kusoma, sijawahi kujaza fomu safi kiasi kile.

Nilipotoka hospitali nilimweleza msimamizi. Nilikuwa nimeandika sentensi moja katika sura ya tatu: kwamba hesabu ya siku ya themanini na nne ilifanywa na mtu mwingine kwa sababu mtafiti alikuwa amelazwa. Akaisoma, akachukua kalamu nyekundu, akaikata.

"Unawapa watahini fimbo ya kukuchapia."

"Lakini ndivyo ilivyokuwa."

"Namba ni sahihi?"

"Ni sahihi."

"Basi. Nani atauliza?"

Sikubishana naye. Ningependa kusema nilibishana. Wakati huo nilikuwa namaliza vidonge vya kutuliza uvimbe, vile vinavyokufanya uso uwe mviringo kama sahani na moyo uende mbio hata umekaa. Sikuwa na usingizi wala subira. Nilitaka kumaliza tu. Sentensi ikatoka, na mimi niliona inatoka.

Sura ya tano na ya sita niliandikia kwenye korido ya nyumbani. Mume wangu alinichomelea kimeza chembamba cha chuma, akakitegesha mlangoni mwa choo, akaniwekea kiti na mto. "Ofisi ya mkurugenzi," alisema. Kompyuta ilikaa pale miezi sita. Nilikuwa naandika aya, nakwenda, narudi, nimesahau aya ilikuwa inaelekea wapi. Msimamizi alikuwa akirudisha kurasa zangu na maandishi pembeni. Kwenye aya moja aliandika "panua hapa." Nikaipanua. Ikarudi na "fupisha." Nikaifupisha ikawa ileile ya kwanza. Akaandika, "Sasa safi."

Kikao cha utetezi kilipangwa saa nne asubuhi. Tangu jana yake mchana sikuwa nimetia kitu mdomoni zaidi ya maji. Niliandika barua, tena, nikiomba mapumziko ya dakika kumi kila baada ya nusu saa. Asubuhi ile nilimfuata mwenyekiti wa kamati mlangoni, mtu wa tai na saa kubwa ya mkononi.

"Nimeiona barua yako," alisema. "Ila utaratibu hautaji mapumziko."

"Utaratibu haukatazi pia, mwenyekiti."

"Tutaona hali itakavyokuwa."

Niliwasilisha kwa dakika ishirini na tano, nikiwa nimesimama, nimebana. Maswali yakaanza. Mtahini wa ndani akauliza kuhusu majivu, nikajibu. Akauliza kuhusu unyevu wa punje, nikajibu. Halafu mtahini wa nje akafungua nakala yake. Alikuwa mama mtu mzima kutoka chuo kingine, mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, na nakala yake ilikuwa imejaa vipande vya karatasi vya rangi vilivyochomoza kama ndimi. Palepale tumbo likajikunja.

"Naomba dakika tano," nilisema.

"Msubiri mtahini amalize swali lake," alisema mwenyekiti.

Mtahini hakuwa hata ameanza. Nilitazama ile saa kubwa mkononi mwa mwenyekiti, nikatazama mlango, nikaamua. Nikatoka. Sikuomba tena ruhusa. Nilipanda ngazi mbilimbili mpaka kwa Bi Funguo, nikakuta kiti kitupu na kikombe cha chai kinachotoa moshi. Kaenda na ufunguo wake, na ubao wake. Nikashuka ngazi zilezile, nikakimbilia maktaba, nguo nzuri ya kushonewa na Mama Mkwe imenibana magoti, viatu mkononi. Niliwahi. Kwa hatua tatu hivi, lakini niliwahi. Nikakaa mle ndani nikiwasikia wanafunzi wawili kwenye masinki wakizungumzia mpira, nikajiambia: umesoma miaka sita, na kitu ulichokimudu leo ni kufika chooni.

Niliporudi ilikuwa imepita robo saa. Mwenyekiti alitazama saa yake kwa namna ya kutaka nimwone akiitazama. Mtahini wa nje alinisubiri nikae, akanisogezea glasi ya maji.

"Kiambatisho cha nne," alisema. "Umeweka picha za fomu zote za maabara. Watu wengi hawaweki. Nimezipenda." Akafunua kipande cha karatasi cha njano. "Siku ya sabini, tarakimu saba yako ina kistari katikati. Siku ya tisini na nane, ina kistari. Siku ya themanini na nne haina. Na tarakimu zote ni kubwa. Nani alihesabu siku hiyo?"

Nilimtazama msimamizi wangu. Alikuwa anaichunguza kalamu yake kana kwamba amepewa aikague kabla ya kuinunua.

"Mama mkwe wangu," nilisema.

Mtu mmoja kwenye viti vya wasikilizaji akacheka, akajikohoza.

"Ana mafunzo gani?"

"Ni fundi cherehani mstaafu. Fundi wa maabara alikuwepo muda wote."

"Na kwa nini haikuandikwa mahali popote?"

Hapo ndipo ningeweza kumtaja mwenye kalamu nyekundu. Neno lilinifika kwenye ulimi. Alikuwa ameacha kuichunguza kalamu, ananitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alionekana mdogo.

"Niliandika, ikafutwa, na mimi nikakubali ifutwe," nilisema. "Kosa ni langu. Jina kwenye jalada ni langu."

"Wewe ulikuwa wapi siku hiyo?"

"Nilikuwa nimelazwa."

Mwenyekiti akasema si lazima niende mbali zaidi, mambo ya binafsi. Nikajikuta nimechoka na hayo mambo ya binafsi. Miaka minne nilikuwa nimeyabeba barua kwa barua na hakuna aliyeyataka.

"Utumbo wangu una vidonda," nilisema. "Vikiamka natoka damu. Nilikuwa na dripu mkononi. Sikutaka pengo siku ya themanini na nne, na hapakuwa na mtu mwingine aliyekubali kuhesabu. Ndiyo maana nilitoka sasa hivi. Na nitatoka tena."

Mtahini wa nje aliandika kitu, akafunga nakala yake. "Hesabu yenyewe inaonekana nzuri," alisema. "Ndiyo maana inaniudhi."

Walinitoa nje, wakakaa karibu saa nzima. Uamuzi ulikuwa kwamba nimefaulu, kwa marekebisho makubwa: nifanye uchambuzi wote upya bila siku ya themanini na nne, nieleze kwa maandishi kilichotokea, na nirudishe ndani ya miezi mitatu. Msimamizi alinipa mkono. Akasema tutaongea wiki ijayo.

Nyumbani Mama Mkwe alinipokea mlangoni kwa vigelegele. Mume wangu alitoka karakana na miwani yake ya giza kichwani, akaninyanyua juu mpaka nikapiga kelele anishushe, tumbo. Tukakaa. Wakataka kusikia kila kitu, nikawaambia kila kitu. Nilipofika kwenye fomu, Mama Mkwe aliweka kikombe chini.

"Walisema nimekosea?"

"Hapana. Walisema ni nzuri."

"Sasa?"

"Sasa haitakiwi ihesabiwe, Mama. Kwa sababu hukusomea."

"Mtu nimemshonea nguo," alisema taratibu, "kaivaa, imemkaa, kasema ni nzuri. Halafu anaichana?"

Mume wangu akaanza kusema, "Mama, chuo kina taratibu…" Mama Mkwe akamkata kwa kiganja. Akaenda chumbani kwake. Kwa siku tatu alizungumza nami habari za chumvi na sabuni tu.

Nilifanya uchambuzi upya. Niseme tu kwamba sikulipenda jibu. Bila siku ile, majani bado yalikuwa bora kuliko kutotia kitu, lakini ile tofauti kati ya majani na majivu, niliyoitambia sura nzima, ilififia ikawa ya kubahatisha. Kurasa kumi na moja za sura ya tano nikazifuta. Nilikaa kwenye ile meza ya chuma nikiwa nimeuma meno. Namba zilikuwa za kweli. Nilijua ni za kweli. Na nilijua pia kwamba mtahini yuko sahihi, na hilo lilinichoma zaidi.

Ile aya ya maelezo niliiandika mara nyingi kuliko aya nyingine yoyote. Msimamizi alipendekeza "kwa sababu zisizozuilika." Nikamwambia hapana. Akapendekeza "kwa sababu za kiafya." Nikamwambia hapana. Safari hii nilibishana.

"Unataka uandike nini basi? Choo?"

"Nataka kuandika kilichotokea."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Siku ile kwenye kikao," alisema, "ungeweza kunitaja."

"Ningeweza."

Hakuniomba radhi, na mimi sikumsaidia kuomba. Ila aya ile aliisaini bila kuigusa. Ilitaja ugonjwa kwa jina lake, tarehe za kulazwa, na aliyehesabu. Fomu za siku ya themanini na nne nikazibakiza kwenye kiambatisho, na tarakimu zake nikazichapa kwenye jedwali la peke yake, na jina kamili la Mama Mkwe juu, majina yote matatu, na cheo chake: fundi cherehani.

Nakala tano zilipotoka kwa wachapaji, maktaba ikazikataa. Karani alipima pambizo ya kushoto kwa rula, akasema imepungua nusu sentimita. Nikasimama pale kaunta nikimtazama huyu kijana na rula yake, na nikasikia tumbo likianza. "Nakwenda chooni," nilimwambia, "nikirudi nitakujibu." Niliporudi sikuwa na la kumjibu. Nikazichukua nakala, nikaenda kuzichapa upya.

Vidonda viliamka tena wiki ya mahafali. Nilisikiliza jina langu likisomwa kwa simu ya mume wangu, yeye akiwa kule ukumbini kaishika juu ya vichwa vya watu, mimi nikiwa kwenye kiti changu cha korido. Kelele zilikuwa nyingi, jina lenyewe sikulisikia vizuri. Nilisikia la aliyenitangulia na la aliyenifuata. Siku iliyofuata daktari akaniambia vidonge havitoshi tena, tuanze sindano.

Nakala ya nyumbani nilimpa Mama Mkwe. Alivaa miwani yake, akaipita tasnifu yote bila kusimama popote mpaka kiambatisho cha nne. Akasoma jina lake, midomo ikitembea. Halafu akateremka na kidole kwenye jedwali, mstari kwa mstari, akilinganisha na picha ya fomu yake upande wa pili. Nilikuwa nakunja nguo. Nikasikia kidole kimesimama.

"Chupa ya thelathini na moja. Mimi niliandika mia moja na tisa. Wewe umechapa mia moja na sita."

Nikaja nikaangalia. Ni kweli. Nilisoma tisa yake kichwa chini miguu juu, mimi, daktari wa fukusi, na watu wanne waliosaini hawakuona.

"Nakala zimeshafika maktaba, Mama," nilisema. "Zimeshajalidiwa."

"Basi wazirudishe."

"Sirudi kule kwa ajili ya fukusi watatu."

Alinitazama juu ya miwani. Nilidhani atanuna tena siku tatu. Akaingia chumbani, akatoka na kalamu ya risasi, akakata ile namba kwa mstari mmoja ulionyooka na kuandika yake juu, kubwa, wima. Akapuliza ukurasa.

"Yao ibaki hivyo," alisema. "Yetu iko sawa."

Akanisogezea rundo la nguo zilizobaki, tukaendelea kukunja.